Samaki Ambao Hawakuokotwa

Mvua zilipopungua, samaki wadogo walielea katika kijito chetu kinachoingia Mto Mbaka, nao Mbaka huingia Ziwa Nyasa. Sisi wa baraza la wazee tulikuwa na jibu tayari: vijana wametia utupa. Tukahubiri juu ya jambo hilo Jumapili mbili. Vijana waliinamisha vichwa, tukadhani ni toba.

Mama mmoja mjane, anayechota maji upande wa chini, hakuridhika. "Baba Mchungaji, anayetia utupa huokota samaki. Hawa nani kawaokota?"

Ndugu wa msharika mmoja anafanya kazi maabara. Alikuja na chupa za kioo za kahawia, maana mwanga huharibu baadhi ya dawa, na nyingine hunata kwenye plastiki. Alitueleza kazi yake. Maji hupitishwa polepole katika kibomba chenye unga maalumu. Maji hupita, dawa isiyopenda maji hung'ang'ania unga. Kisha unga huoshwa kwa kimiminika kidogo kama spiriti, na kilichotawanyika katika lita nzima hukusanyika kwenye kichupa. Kwa maji ya kunywa, Umoja wa Ulaya hauruhusu dawa moja ya shambani izidi gramu 1 katika lita milioni 10. Jicho litaona nini hapo?

Tena, kabla ya kuanza, hutia ndani ya maji kiasi anachokijua cha kemikali nyingine. Mwishoni zikirudi sehemu 70 kati ya 100, anajua kiasi kilichopotea mikononi mwake mwenyewe. Sisi tulikuwa hatujajipima hivyo.

Majibu yalitaja dawa ya wadudu wa kakao. Jina lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye chupa iliyomo stoo ya usharika. Shamba letu liko upande wa juu, na mabomba ya kupulizia yalioshwa kijitoni kwa ruhusa yetu.

Kila Jumapili tunaungama, tena kwa haraka. Jumapili ile wazee wote tulisimama mbele, tukaligeukia benchi la vijana. Kijana mmoja akauliza: "Na mabomba yataoshwa wapi?"

Sasa maji hubebwa kwa ndoo hadi shambani, na ya kusuuzia hupuliziwa kwenye mikakao ile ile. Ndoo za kwanza tulibeba sisi wazee. Mama yule bado anachota kwa jirani.