Kifaa Chenye Damu

Watu wa kompyuta wana neno lao la utani kwa ubongo wa binadamu: wetiwea. Kuna hadiwea, mashine unayoigusa. Kuna softiwea, programu iliyo ndani yake. Halafu kuna kile kifaa chenye majimaji na damu, kinachokaa kwenye kiti na kubonyeza. Mitambo ikikwama, mafundi wanacheka kwamba hitilafu iko kwenye wetiwea. Yaani wewe.

Hapa Umoja wetiwea ni sisi tunaoamka saa kumi kuwahi mathree ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuchora maboksi kwenye picha za barabara za ng'ambo. Boksi kwa gari, boksi kwa mtu, boksi kwa mbwa. Ndivyo gari la kujiendesha linavyofunzwa: lazima mtu aitazame picha kwanza, aiambie mashine huyu ni binadamu. Sikuona mkokoteni hata mmoja, wala nyanya zimepangwa kando ya lami. Gari hilo likiletwa Mutindwa jioni, sijui. Litazima tu lenyewe.

Jirani yangu kwenye ploti alipangiwa maandishi. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi Wakenya walivyosomeshwa maelezo ya mauaji na ya watoto kunajisiwa, ili ChatGPT ijue yapi isiseme, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Mei 1 mwaka huo, zaidi ya watu 150 wa kazi kama hizi walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Yeye hakwenda. Kampuni yake ilikuwa nyingine, lakini maandishi yalikuwa ya aina ile ile, na alikuwa amesaini karatasi ya kunyamaza.

Mamake akipiga simu kutoka Busia, anamjibu, "Niko poa, mathe. Ni kompyuta tu." Mtaani wanamletea simu zilizokufa azitengeneze, si ni mtu wa kompyuta? Usiku analala taa ikiwaka. Tokeni zinaisha mbio, na mita yetu ni moja, kwa hivyo tuligombana sana kabla hajaniambia kwa nini.

Siku hiyo aliniuliza kama picha zangu pia hurudi usiku.

"Zinarudi," nikamwambia. "Lakini ni magari tu."

"Una bahati, bro."

Akavaa sandozi, akaenda dukani kununua tokeni za hamsini.