Panya wa Mbugani na Amana ya Ndoa



Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wetu. Kwa hivyo si aibu Muislamu kukaa kitako akasoma habari za panya.

Huko Marekani ya kati, katika mbuga za nyasi, yuko panya mdogo mwenye mkia mfupi, ambaye dume lake likishakutana na jike hukaa naye. Tundu lao moja, watoto huwalea pamoja, na mmoja akifa, aliyebaki mara nyingi hatafuti mwengine. Tabia hii ni haba kwa wanyama wanyonyeshao. Hawafiki kumi katika kila mia. La ajabu ni kuwa yuko jamaa yake wa milimani, wanafanana kama maji kwa maji, lakini huyo kila mmoja na lake.

Tofauti iko wapi? Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walieleza walichokikuta katika bongo zao. Iko homoni iitwayo oksitosini, ile ile imsaidiayo mama kuzaa na kunyonyesha. Panya wote wawili wanayo. Kinachohitilafiana ni vipokezi vyake, navyo ni mfano wa kufuli katika chembe za ubongo, homoni ikawa ndiyo ufunguo. Panya wa mbugani anazo kufuli hizo kwa wingi pale ubongo unapoonjea raha; wa milimani zake ziko kwengine. Ufunguo mmoja, milango mbali mbali! Kisha mwaka 2004 Larry Young na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walimtia dume wa jamaa yao mwengine, asiyejua kushikamana na jike mmoja, jeni ya kipokezi cha homoni ya pili, vasopresini. Akawa anamwelemea jike aliyemzoea kuliko mgeni. Subhaanallah.

Lakini wataalamu walipopima nasaba za watoto wa panya wa mbugani, walikuta wengine baba yao si yule aliyemo tunduni. Na mwaka 2023 wataalamu wa California na Stanford waliiondoa kabisa jeni ya kipokezi cha oksitosini, na panya wakashikamana na wenza wao vile vile. Kwa hivyo mambo ni mapana kuliko kufuli moja.

Nayataja haya kwa sababu kijana mmoja niliyemsomesha zamani alinijia na gazeti mkononi. Alikuwa amemhama mkewe na watoto wawili, akaniambia, "Maalim, mapenzi ni homoni. Zangu zimekwisha, nifanyeje?" Aliyasema bila ya mzaha, na nadhani wako wengi wanaoyasema kimoyomoyo.

Sikumkatalia homoni. Aliyetia mapenzi na huruma baina ya mume na mke, kama ilivyo katika Suratur Ruum, aya ya 21, hashindwi kuyapitishia katika chembe ya ubongo. Nilimfungulia Suratun Nisaa, aya ya 129. Humo waume wanaambiwa kuwa hawataweza kusawazisha baina ya wake hata wakipania, kisha papo hapo wanakatazwa kuelemea moja kwa moja hata mwanamke akaachwa ananing'inia. Mwelekeo wa moyo umesamehewa. Kumning'iniza mtu hakukusamehewa. Panya hakuozwa mbele ya mashahidi, wala hakutaja mahari.

Na kama hamtaki tena, talaka ipo na ina adabu zake. Kwanza waitwe wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wa mke. Wakishindwa, iko eda, na iko nafaka ya watoto, ambayo haikatiki kwa kuwa baba amechoka. Nilimuuliza katika hayo amefanya lipi. Hakuwa amefanya hata moja, na mke alikuwa akingojea mwezi wa tano.