Kuteremka Katelembo

Theluji haianguki Katelembo, katika kaunti ya Machakos. Lakini vumbi la kiangazi ni laini, na mguu huzama humo hata kifundoni. Sisi wanawake wa pwani, tuliozoea tambarare, tuliteremka pamoja na wenyeji wetu Wakamba.

Hofu humvuta mtu nyuma, na anayeegemea nyuma ndiye ateleзaye. Wenyeji walitufunza kulegeza magoti, kuugawa uzito miguuni sawasawa, na kushuka kwa mshazari. Hekima hiyo imo pia katika matuta yao ya fanya juu: mtaro huukingama mteremko, udongo hutupwa upande wa juu, na maji hupungua kasi.

Tulimkumbuka Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika mashindano ya kuteleza thelujini kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Katika theluji laini nako, magoti makavu humwangusha mtu.

Mwenzetu mwenye woga zaidi tulimweka katikati, tukaifuata hatua yake. Alhamdulillahi, tulifika bondeni sote, na Alasiri tuliiswali pamoja.