Mshale Hauna Haja ya Kutoboa Chuma

Wasee, Jumamosi tulikuwa kinyozi hapa Shirere, kwa TV kukawa na muvi ya vita vya kitambo. Jamaa amevaa chuma kutoka kichwa hadi miguu, mishale inamgonga inaanguka tu kama njiti za kiberiti. Mdogo wangu, yuko Gredi 8, akauliza kwa sauti: "Kwani sisi tulikuwa mafala? Wenzetu wako na chuma, sisi tunang'ang'ana na mishale?" Kinyozi kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, hiyo ndiyo inaniuma.

Kwa sababu hii stori naijua. Agosti 1505, Wareno wa Francisco de Almeida waliivamia Mombasa. Walikuwa na deraya, yaani zile nguo za chuma, na meli zenye mizinga. Mombasa pia ilikuwa na mizinga yake michache, lakini ndani ya vichochoro kazi ilifanywa na mishale, pamoja na mawe kutoka juu ya nyumba.

Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwa huo msafara, aliandika kuhusu hiyo mishale. Mingine ilikuwa na ncha ya chuma. Mingine ilikuwa mti tu, umechomwa ncha na kutiwa sumu. Sasa sikia: bwana mkubwa mmoja wao, Fernando de Sá, alipigwa na mshale usio na chuma hata kidogo. Ukipiga kifua chenye deraya, sawa, utadunda. Lakini kuna uso, kuna shingo, kuna kwapa mtu akiinua upanga. Sumu inataka tu jeraha la kuingilia.

Sitawadanganya lakini. Mayr anahesabu Wareno 5 waliokufa, na watu wa Mombasa 1,513. Hesabu ni ya upande wao, ila mji ulianguka kweli. Tofauti ni kwamba usiku wa kabla ya kuingia, Wareno walikuwa wameuwasha moto, na paa za makuti zilizobanana zikabeba moto nyumba hadi nyumba. Hapo mpiga mshale angefanya nini?

Nilimweleza mdogo wangu haya yote tukila ugali. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi turudi kinyozi uwaambie."

Manze, nimetoka kunyolewa juzi tu. Lakini Jumamosi tunaenda.