Safari ya Mlimani

Sisi watu wa Paje tumezoea nchi tambarare. Tukitoka mlangoni twakanyaga mchanga, na kilima kirefu kuliko vyote kisiwani Unguja hakifiki mita 150. Basi tulipoazimu kwenda Kilimanjaro, watu sita, majirani walitucheka sana.

Tulipotoka kambi ya Horombo, mita 3,720, tuliona nchi ya ajabu. Ile miti minene iliyovaa majani makavu kama kanzu kuukuu ikakoma, nyasi nazo zikakoma, ikabaki changarawe na upepo baina ya Mawenzi na Kibo. Tukamkumbuka Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliyeiona theluji ile mwaka 1848, wataalamu wa Uingereza wakamkanusha. Wao hawakupigwa na baridi hii.

Yapata saa sita usiku tukashika taa, tukaanza kupanda kokoto zinazomrudisha mtu nyuma kila hatua. Hata kabla ya pango la Hans Meyer, mwenzetu mmoja, mvuvi asiyeogopa wimbi, akaumwa na kichwa, akatapika, akayumba kama mlevi. Kiongozi, kijana wa Marangu, akamtazama, akasema, "Mwalimu, huyu ateremke sasa hivi." Kwani huko juu hewa ni haba, kileleni karibu nusu ya ile ya pwani, na mtu akiyumba hivyo, huenda ubongo umeanza kuvimba, naye akizidi kupanda aweza kufa.

Msaidizi wa kiongozi alikuwa tayari kumchukua, lakini nani wetu angefuatana naye? Tukanyamaza sote. Kila mmoja alikuwa ameweka akiba miaka miwili, tena sisi tuandikao haya ndio tuliowashawishi wenzetu. Mgonjwa akasema, "Nendeni, mie niacheni hapa nilale kidogo." Neno hilo likatutisha. Twakiri kwamba tulitazama kwanza juu, kwenye taa za waliotangulia, ndipo tukamshika mkono.

Tulipofika Kibo hatukukaa; tukazidi kushuka. Jua likatukuta njiani, likitoka nyuma ya Mawenzi. Karibu na Horombo akaomba chai, kisha akauliza kama mwani wa mkewe umekwisha kuanikwa. Tukajua amerudi.

Jioni wenzetu wanne wakaja. Wawili walifika Uhuru, mita 5,895. Wawili waliishia Gilman's Point. Wakataka kutusimulia habari za barafu. Tukawaambia wale kwanza.