Kivuli Kilichozidi

Katika nyua za Newala, mwezi wa Februari, mvua ingali inanyesha na korosho za mwisho zimekwisha kuuzwa, mkorosho huonekana mzuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Majani yake ni mazito, matawi yameinama hadi yanagusa mchanga, na mgeni apitaye njiani husema kwamba mwenye nyumba hii amebarikiwa. Mwenyeji aliyekulia chini ya miti hiyo haoni hivyo. Yeye huinama akaingia chini ya matawi, akasimama karibu na shina wakati wa adhuhuri, jua likiwa utosini, kisha akaitazama ardhi. Pasipokuwa na doa hata moja la jua lililopenya, japo la ukubwa wa sarafu, hujua kwamba mti umefika mahali pa kukatwa.

Msomaji wa visiwani huenda akastaajabu. Mnazi hauna matawi ya kupogoa. Kuti likikauka huanguka lenyewe, na lililobaki huondolewa na mkwezi. Mkarafuu nao, tawi lake likikatika aghalabu ni kwa pupa ya mchumaji, na mwenye shamba hulalamika. Kwa hiyo katika masikio ya kisiwani kukata tawi kunakaribia kuwa ni kosa. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kosa ni kutokata.

Mkorosho una tabia moja ambayo wengi huijua kwa macho kabla hawajaambiwa na bwana shamba: hutoa maua kwenye ncha za matawi yanayoliona jua. Tawi lililofunikwa na jenziwe halizai. Huishi tu, likila na kunywa, kama mgeni aliyesahau siku ya kuondoka. Miti miwili iliyopandwa karibu karibu ikishikana matawi, huzaa juu na pembeni, na upande ule wa katikati ukabaki majani matupu. Ndiyo maana wataalamu wa Naliendele, kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Mtwara, hushauri nafasi ya mita 12 baina ya mti na mti. Mzee asiyepima kwa mita hupima kwa njia nyingine: mtu apite baina ya miti miwili akiwa na mzigo kichwani, na mzigo usiguswe.

Dalili nyingine huonwa kwanza na wanawake na watoto, kwa kuwa wao ndio waokotaji. Korosho haichumwi, husubiriwa ianguke pamoja na bibo lake, ikanyofolewa, ikatiwa kikapuni. Matawi yakiwa chini mno, mwokotaji hutambaa kwa magoti gizani, palipo majani makavu ya mwaka jana na pengine nyoka. Mama akirudi nyumbani na mikwaruzo shingoni, hiyo nayo ni habari ya mti, ingawa mara nyingi mwenye panga haisikii.

Ndani ya giza hilo kuna jambo baya zaidi. Kwenye shina na matawi makubwa huchipua maotea laini, membamba, yenye kukimbilia juu, na kwa macho ya asiyejua ni ishara ya uhai. Humo ndimo ubwiri unga hujihifadhi baada ya msimu. Ugonjwa huu wa ukungu mweupe, mfano wa majivu yaliyonyunyizwa juu ya maua na majani machanga, uliripotiwa Tanzania mwaka 1979. Hupenda ubaridi wa asubuhi na umande, navyo Newala, iliyo juu ukingoni, haivikosi katika miezi ya maua. Mkulima hupuliza salfa, na salfa ina bei yake. Lakini aliyeyaondoa maotea mapema, kabla ya majani mapya kutoka, ameuvunjia ugonjwa nyumba yake kwa gharama ya kunoa panga tu.

Uani hapana mkorosho peke yake. Upo mwembe, na mwembe una kesi ya maji. Uwanda ule ni mkame kwa juu: mvua hunywea mchangani, na chemchemi ziko chini mabondeni, mwendo mrefu wa kushuka na mrefu zaidi wa kupanda. Kwa hiyo nyumba nyingi huvuna maji ya paa, yakateremka kwa mlizamu hadi kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Tawi la mwembe likitanda juu ya bati, majani na vinyesi vya ndege hujaa katika mlizamu, na maji ya tangini hugeuka rangi ya chai. Hapo hakuna haja ya kusimama adhuhuri na kutafuta madoa ya jua. Kata ya kwanza ya maji imekwisha kusema.

Dalili zote hizo zajulikana. Kwa nini basi nyua nyingi zina giza?

Jibu moja limo katika historia. Kuanzia mwaka 1973 hadi katikati ya miaka ya 1970, watu walihamishwa kwa wingi kutoka makazi yao ya zamani na kukusanywa katika vijiji vipya, na mikorosho ikabaki ilikopandwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna kiasi cha tani 145,000 za korosho; kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, ubwiri unga ukachangia, na kuhama kukachangia pia. Wahenga walisema mchama ago hanyele, na kweli wengi walirudi. Walikuta miti imefungana, magugu kifuani, moto wa nyika umepita. Aliyeurudia mti wake katika hali ile hakuwa na moyo wa kuukata tena. Kwake kila tawi lilikuwa limeponea chupuchupu. Pengine ni vigumu kumlaumu, ingawa mti wenyewe haukumbuki chochote na unataka jua.

Jibu la pili halizungumzwi barazani. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Lakini mkorosho huishi miaka mingi, na baba aliyeupanda akisaidiwa na wanawe hupenda uwe wao. Tena, mti waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwingine. Katika hali hiyo panga si chombo tu. Anayepogoa anatunza, na anayetunza anadai. Mwenye mti akifa kabla ya kusema neno, watoto huogopa kukata wasije wakaitwa wanyang'anyi, wapwa nao huogopa vivyo hivyo, na mti hunenepa katikati yao. Teremka magharibi hadi Masasi, chini ya vilima vyake vya mawe, mji ambao Askofu Edward Steere aliufikia mwaka 1876 pamoja na watu walioachiwa huru kutoka utumwani Unguja: jua ni kali zaidi na ukungu ni haba, lakini ua wenye giza hukutwa huko pia, na ukiuliza sababu utaambiwa kwamba msumeno umeazimwa na jirani.

Mjomba mwenye busara hulimaliza jambo hili angali hai. Huwaita wanawe na wapwa zake siku moja, baada ya mavuno, akakaa kwenye kigoda na bakora mkononi. Hataji urithi. Huonyesha tawi moja moja, na kijana aliye juu hukata kwanza kidogo kwa chini, kisha kwa juu, ili uzito wa tawi usichane gome la shina. Hawamalizi kwa siku moja, kwani mti uliovuliwa nguo zote kwa mara moja huungua jua.

"Hilo. Na lile lililokauka. Hilo liache."

"Mjomba, hilo ndilo linalogusa bati."

"Naliona, mpwa wangu. Mamako alikuwa akifunga bembea hapo. Liache mwaka huu, mwakani mtalikata nyinyi."

Kijana huhamia tawi jingine. Chini, wanawake wameanza kuyakokota yaliyoanguka kwenda jikoni.