Punda Naye Ana Hiari Yake

Akina mama wenzangu, kanisani kwetu tunahudumia watoto wenye ulemavu, na mzazi mmoja ameshauri tuwaletee punda. Si jambo geni. Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha makao ya punda huko Uingereza mwaka 1969, aliwakutanisha punda wake na watoto wa namna hii. Mtoto humsugua punda manyoya, humwongoza kwa kamba, naye hupata utulivu.

Mimi ni muuguzi. Wodini, mgonjwa anayenitia wasiwasi si yule anayelia, bali yule aliyenyamaza. Punda ni wa namna hiyo. Huficha maumivu. Akiogopa, mara nyingi husimama tuli, nasi twamwita mkaidi. Utamtambua kwa kichwa kilichoinama, au akijitenga na wenzake. Akiacha kula, mafuta yaweza kujaa katika damu yake na kumwua. Hata kutenganishwa na rafiki yake kwaweza kumfanya asile.

Kwa hiyo nimekubali kwa sharti: punda waje wawili, wasifungwe, na anayetaka kuondoka aachwe aende. Mtoto aliyeachwa atauliza, "Kwa nini amekwenda?" Hapo ndipo somo lilipo: kumbe mwenzake naye ana hofu na hiari.

Mama mwenye punda wa kubeba maji, anza leo. Kabla mwanao hajampanda, mwambie kwanza amtazame macho na masikio. Anayezoea kumwelewa asiyesema atamwelewa pia mdogo wake anapougua.